D. H. Lawrence alivyombishia Freud: ya moyoni yanakaa kichwani au tumboni?

Siku hizi kila mtu Tanga kashasikia kwenye simu habari za Freud, yule daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa mazungumzo, eti yale ya utotoni tuliyoyafukia ndo yanatusumbua ukubwani. Sasa kuna jamaa alimbishia, na wala hakuwa daktari, alikuwa mwandishi wa riwaya wa Uingereza, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, D. H. Lawrence.

Riwaya yake Sons and Lovers ilitoka 1913, inamhusu kijana aliyeng'ang'aniwa na mapenzi ya mama yake mpaka kila msichana anamshinda, basi watu wa Freud wakaidaka wakasema hii ndo Oedipus yenyewe, yaani ile nadharia ya Freud kwamba mtoto wa kiume anamtamani mama yake na kumwonea wivu baba. Lawrence hakupenda kabisa. 1921 akatoa Psychoanalysis and the Unconscious, 1922 Fantasia of the Unconscious.

Alichosema ni hivi. Freud anaifanya nafsi ya ndani kama stoo ambayo akili inatupia isivyotaka kuviona, kwa hiyo vilivyomo bado ni vya akili tu. Lawrence anasema nafsi ya ndani ya kweli ilikuwepo kabla ya akili, imo mwilini, mtoto mchanga hajui neno hata moja ila anamjua mama yake, na anamjua kwa ule mtandao wa mishipa ya fahamu ulio nyuma ya tumbo, kisha kuna kituo kingine kiunoni kinachomfanya arushe mateke ajitenge, na viwili vya juu kifuani na mgongoni. Na ile hamu ya mtoto kwa mzazi wake anasema sio maumbile, ni kitu kimetungwa na kichwa, na wazazi wanaomlemea mtoto kwa mapenzi ndo wanaichochea.

Hapo kwa wazazi namuunga mkono. Huku kliniki tunawaona, mama ana ugomvi na mumewe, siri zote anamwagia mtoto wa darasa la sita, halafu mtoto analetwa tumbo linauma na vipimo viko safi.

Ila msimmeze mzima mzima. Mishipa ya tumboni ipo kweli na inapeleka taarifa nyingi sana kwenye ubongo, lakini ile ramani yake ya vituo vinne kachanganya na mambo ya yoga, hakuna aliyeithibitisha. Na kwenye hicho kitabu cha pili kataka shule zifungwe zote (ndio, zote!).

Kwa hiyo tumbo likisumbua pima kwanza, vidonda vipo na minyoo ipo. Vipimo vikiwa safi njoo tuongee, na dawa ulizoandikiwa usiache.