Dawa ya "kurekebisha hedhi" inarekebisha nini hasa?

Watu wakisema dawa ya kurekebisha hedhi huwa wanachanganya mambo mawili, kuna kuishusha damu iliyochelewa na kuna kuufanya mzunguko uje kwa mpangilio kila mara, na mitishamba mingi ya tangu zamani ilikuwa ya hilo la kwanza. Hata ikishusha mwezi huu, kilichoivuruga bado kipo.

Kwanza hesabu vizuri. Unaanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, na kwa mtu mzima siku 21 hadi 35 ni sawa tu. Ukiona tarehe 3 Machi ukaona tena tarehe 31 Machi wengi wanashtuka eti mara mbili mwezi mmoja, kumbe huo ni mzunguko wa siku 28, hapo hamna cha kutibu jamani.

Sasa mdalasini, huu angalau umepimwa. Mwaka 2014 huko Marekani walichukua wanawake 45 wenye PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika mpaka mayai hayapevuki inavyotakiwa, wengine wakapewa mdalasini gramu 1.5 kwa siku na wengine vidonge visivyo na dawa, kwa miezi 6, na wale wa mdalasini wakaanza kuona siku zao mara nyingi zaidi. Ila waliofika mwisho ni 17 tu. Na wote walikuwa na PCOS, kwa hiyo kama yako inatokana na thairoidi, ile tezi ya shingoni, au sindano ya uzazi wa mpango huo utafiti haukuhusu. Halafu usiuzidishe, mdalasini aina ya kasia una kumarini, kemikali ya asili ambayo ikiwa nyingi inaumiza ini.

Tangawizi ushahidi wake mzuri uko kwenye maumivu ya tumbo siku 3 au 4 za mwanzo, sio kwenye kupanga tarehe.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba hedhi iliyochelewa kwa stresi au safari mara nyingi inarudi yenyewe, wewe ulikuwa umeshakunywa glasi zako tano za dawa basi sifa zote zinaenda kwenye glasi.

Kabla hujanywa chochote cha kushusha, pima mimba, tafadhali sana, maana baadhi ya hivyo vitu vinakaza kizazi. Na ikipita miezi 3 kavu, au ukawa unabadilisha pedi kila saa, nenda ukapimwe homoni na damu.