Ngozi katika tiba ya Kichina: ukweli na chuku

Kupiga chuku ni kuumika, yaani kubandika pembe mwilini ifyonze. Kupiga chuku pia ni kutia chumvi maneno. Yanayosemwa kuhusu ngozi katika tiba ya jadi ya Kichina yana chuku zote mbili.

Dhana: Yale maduara ya zambarau yanayoachwa na kuumikwa ni sumu iliyovutwa nje.
Wengi waliyaona mara ya kwanza kwenye mabega ya muogeleaji Michael Phelps, Olimpiki ya Rio, 2016. Ni damu tu. Kikombe, ambacho siku hizi hubandikwa badala ya pembe, kikifyonza, vijishipa vya chini ya ngozi hupasuka na damu huvilia papo hapo. Rangi hukolea kadiri kikombe kinavyovuta kwa nguvu na kukaa muda mrefu, kisha alama hufifia ndani ya siku kadhaa, pengine wiki mbili. Kuchuja taka za damu ni kazi ya ini na figo. Waganga wa Kichina wenyewe husoma alama hizo kama damu iliyotuama, na hiyo si sumu.

Dhana: Ngozi ni ganda la kupakwa dawa, basi.
Huangdi Neijing, maandiko ya zaidi ya miaka 2,000, yanaiweka ngozi na vinyweleo chini ya mapafu. Qi ni nguvu ya uhai katika tiba hiyo; qi ya ulinzi, wei qi, inasemwa hupita kati ya ngozi na misuli, ikitia joto na kufungua au kufunga vitundu vya jasho, ambavyo huitwa malango ya qi. Mafua ni "upepo" uliokuta lango wazi. Hiyo ni nadharia. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha qi. Ila ndiyo sababu mganga wa Kichina mwenye mgonjwa wa ukurutu huuliza pia habari za kifua.

Dhana: Jasho likitiririka ndipo ugonjwa unatoka.
Hapa wa kale walikuwa waangalifu kuliko sisi. Zhang Zhongjing, tabibu wa karne ya 2 na mwanzo wa ya 3, aliagiza mgonjwa akishakunywa dawa ya vijiti vya mdalasini na tangawizi anywe uji mwembamba wa moto, ajifunike, atoke jasho jepesi mwili mzima. Likimwagika kama maji, alionya, ugonjwa hautaondoka. Sisi tunaojifukiza chini ya blanketi mpaka kizunguzungu angetukaripia.

Dhana: Krimu ya mitishamba haina madhara.
Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 zilizouzwa kama mitishamba ya Kichina. Nane zilikuwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo haikutajwa popote. Steroidi hutuliza ukurutu upesi, lakini ikipakwa muda mrefu, hasa usoni, hukondesha ngozi ileile inayodaiwa kuimarishwa. Kopo lisilo na orodha ya viambato liacheni dukani.