Maswali ya mwanafunzi wa afya kuhusu moyo: kuusoma kwa kuifuata damu

Niko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Majina ya sehemu zote za moyo ninayo kichwani, lakini swali la mtihani likigeuzwa kidogo tu napotea. Ninakosea wapi?

Umekusanya majina ukaacha kazi zake. Anatomia inakuonyesha kitu kiko wapi na kimeungana na nini, fiziolojia inakueleza kinafanya nini. Madesa mengi, yaani nukuu za kusomea, huvitenganisha: ukurasa wa mchoro wenye mishale, kisha ukurasa wa maelezo, na mwanafunzi anakariri huu leo, ule kesho. Mimi nakushauri uifuate damu. Kila inapoingia chumba kipya jiulize imetoka wapi, nini kinaizuia isirudi nyuma, na njia hiyo ikibana mgonjwa ataonekanaje. Hilo la tatu wengi huliruka, nalo ndilo litakalokufaa wodini.

Basi tuifuate. Inaanzia wapi?

Ni mzunguko, anza popote. Mimi huanzia kulia. Damu iliyokwisha kutoa oksijeni mwilini hurudi kwa vena kava mbili, mishipa mikubwa ya juu na ya chini, na kuingia atiria ya kulia, chumba cha juu cha upande huo. Inapita vali ya trikaspidi, mlango unaoizuia isirudi nyuma, inafika ventrikali ya kulia, chumba cha chini, inasukumwa kwenye ateri ya mapafu. Mapafuni inaacha kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni, kisha vena za mapafu, ambazo kwa kawaida ni nne, zinairudisha atiria ya kushoto. Kutoka hapo ni vali ya mitrali, ventrikali ya kushoto, vali ya aota, aota yenyewe, yaani mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na mwili mzima.

Sasa piga hesabu kidogo. Mtu mzima akiwa ametulia, kila pigo hutoa takriban mililita 70. Kwa mapigo 70 kwa dakika unapata mililita 4,900, yaani karibu lita 5, na hicho ndicho kiasi cha damu yote aliyonayo mtu mzima wa wastani. Hesabu ya namna hii ndiyo aliyoitumia tabibu Mwingereza William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628. Kabla yake watu walishika fundisho la Galen, tabibu Mgiriki wa kale, kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, na mwili huitumia ikaisha. Harvey akauliza: ni chakula gani kinachoweza kutengeneza damu nyingi hivyo? Lazima iwe ni ileile inayozunguka. Na karne nyingi kabla ya Harvey, katika karne ya 13, tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alikwisha kuandika kwamba damu hutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafu, wala si kwa vitundu kwenye ukuta wa katikati ya moyo kama Galen alivyodhani.

Kwenye mchoro, upande ulio kulia kwangu umeandikwa kushoto. Ni kosa la uchapaji?

Hapana. Kulia na kushoto ni vya mgonjwa, aliyesimama akikutazama huku viganja vyake vimeelekea mbele. Zoea mapema, maana kuchanganya pande kwenye faili la mgonjwa wa upasuaji ni hatari.

Sekondari tuliambiwa ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Ni kweli?

Kanuni hiyo itakupatia sapu, yaani mtihani wa marudio. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi moyoni, basi. Ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, vena za mapafu hubeba yenye oksijeni nyingi. Mtoto akiwa tumboni, vena ya kitovu ndiyo inayomletea oksijeni kutoka kondo la nyuma. Na hakuna damu chafu: hata hiyo inayorudi bado ina oksijeni, ila imepungua.

Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, wakati zote mbili zinasukuma kiasi kilekile cha damu?

Kiasi ni kimoja, shinikizo ni tofauti. Ya kulia inapeleka damu mapafuni, jirani tu, ambako mishipa ina ukinzani mdogo, kwa hiyo shinikizo la kama milimita 25 za zebaki, kipimo kilekile cha presha, linatosha. Ya kushoto inahitaji kama 120 ili damu ifike utosini na kwenye vidole vya miguu. Ile 120 ya juu unayoisoma ukipima presha ya mtu mwenye afya ni nguvu ya ventrikali hiyo. Ndiyo sababu presha ikikaa juu kwa miaka mingi, ni ukuta wa kushoto unaozidi kunenepa.

Mama mjamzito aliletwa wodini akihema, tukaambiwa vali yake ya mitrali imebana. Mbona kabla ya mimba alikuwa mzima?

Hapa njia ya kuifuata damu inalipa. Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha vali ya mitrali kubana ni homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka, mara nyingi utotoni. Kovu hukua polepole, na mtu huishi nalo bila kujua.

Mimba inabadilisha mambo mawili. Damu huongezeka, hata kufikia karibu nusu ya kiasi cha awali, na mapigo ya moyo huongezeka pia. Moyo unapokimbia, kipindi kinachofupika zaidi ni kile cha kupumzika, ambacho ndicho ventrikali hujaa. Kwa hiyo damu nyingi zaidi inatakiwa ipite mlango mwembamba kwa muda mfupi zaidi. Haiwezi. Inarundikana atiria ya kushoto, inarudi vena za mapafu, maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa, na mama hawezi kulala chali. Ukimwona hivyo mketishe na umwite daktari mara moja.

Mwingine hahemi sana ila miguu imevimba na mishipa ya shingo imesimama. Huyo je?

Rudi kwenye njia: nini kiko nyuma ya moyo wa kulia? Vena kava. Upande wa kulia ukishindwa, damu husongamana shingoni, kwenye ini na miguuni. Mara nyingi, lakini, wa kulia huchoshwa na ubovu wa kushoto, hivyo usishangae kukuta dalili zote kwa mgonjwa mmoja. Pia usisahau kwamba figo na ini vikiugua navyo huvimbisha miguu.

Chuo chetu kina modeli moja ya plastiki na sisi ni wengi. Nifanye nini?

Nenda buchani ukanunue moyo wa mbuzi. Una vyumba vinne na vali kama wa binadamu. Muombe muuzaji asikate mishipa ya juu. Wa ng'ombe ni mkubwa na unaonekana vizuri, ila mara nyingi utaukuta umechanjwachanjwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta viluwiluwi vya tegu.

Kabla ya kukata, ubonyeze: upande mgumu ni wa kushoto. Mimina maji kwenye aota uone vali inavyojifunga na kuyashikilia. Kisha pasua aota na utazame juu kidogo ya vali hiyo, utaona matundu mawili madogo. Hizo ndizo njia za ateri za koronari zinazoulisha moyo wenyewe, na nyingi ya damu yake huingia humo moyo unapopumzika. Vaa glavu, na ukimaliza osha kisu na meza kwa sabuni.