Kuni Ziache Nyumbani

Jumamosi iliyopita nimeambiwa tena: "Dada, kuni ni kuni tu. Hizi tumezikata wenyewe nyuma ya nyumba, zimekauka kabisa." Ilikuwa familia ya Wakenya waliotoka Columbus, Ohio, watu wakarimu, chai imeshainjikwa, na buti ya gari imejaa magogo. Nilikuwa nimewaambia kuni za kutoka mbali haziletwi kambini, maana hubeba wadudu wanaoua miti.

Huu ni msimu wangu wa nne nikizunguka na gari la kulala na kujitolea kama mwenyeji wa kambi kwenye hifadhi za majimbo, Michigan na Oregon. Napewa kiwanja bure, chenye umeme na maji. Nami nasafisha sehemu za kuotea moto, napokea wageni, nauza kuni. Ndiyo maana wengine hudhani nakataa kuni zao ili niuze zangu. Hata senti moja ya kuni zile haiingii mfukoni mwangu.

"Zimekauka" ndilo neno linalonichosha. Kinachokauka ni mti, si aliyemo chini ya gome. Mbawakavu wa kijani anayeangamiza miti ya ashi hutaga mayai kwenye nyufa za gome. Funza wake huingia na kula lile tabaka laini linalopitisha chakula, akiacha mifereji iliyojipinda kama njia ya nyoka, hadi mti unakufa njaa ukiwa umesimama. Ukiukata, yeye anaendelea na maisha yake, na huweza kutoka msimu unaofuata au hata ule wa baada yake. Tundu la kutokea lina milimita 3 hivi, umbo la herufi D. Watu hulitafuta, wakilikosa wanafurahi. Jamani, tundu maana yake ameshatoka! Asiyetoka ndiye humwoni. Kumuua kunataka moyo wa gogo ufike nyuzi 60 za Selsiasi na ukae hapo saa nzima. Jua la uani haliwezi.

Wengine huniambia serikali ya shirikisho iliondoa karantini ya mdudu huyu, ile iliyobana usafirishaji wa kuni na mbao za ashi, Januari 2021. Kweli, iliondoa, kwa kuwa mdudu alikuwa ameshaenea mno. Hakuwa amekwisha. Mwaka 2022 akaonekana Forest Grove, Oregon, mbali kabisa na Michigan alikogunduliwa mwaka 2002. Kwa mabawa yake huenda kilomita chache tu kwa mwaka; masafa marefu hubebwa na watu. Watanzania wanaomkumbuka dumuzi wa mahindi wa miaka ya 1980 wananielewa: naye asili yake Amerika ya Kati, na hakuvuka bahari kwa kuruka.

Shaka ninayo. Hapa Michigan ashi nyingi kubwa zimeshakufa, na huenda kwa upande wa ashi simwokolei mtu chochote. Lakini kusini mwa Ohio, tangu 2011, kuna mbawakavu mwingine mwenye pembe ndefu ambaye hupenda miti ya mepo (maple), na mepo bado tunazo. Siwezi kukagua kila gogo nijue limebeba nani.

Kuni zikishafika, usizirudishe wala usimwachie mgeni ajaye. Zichome zote. Wale wa Columbus walichoma usiku uleule, pamoja na magome tuliyoyafagia kwenye buti. Kijana wao aliokota kipande kimoja, akakigeuza upande wa ndani kwenye mwanga wa taa, akaona mifereji imejaa, akamwita mama yake.