"Rejista tunayo" na dhana nyingine potofu kuhusu usimamizi wa huduma za mifumo

Kila nikiitwa kwenye shirika ambalo mifumo yake ya kompyuta inagongana, husikia neno lile lile: "Lakini rejista ya huduma tunayo, tena tumeilipia." Imani kwamba usimamizi hununuliwa pamoja na leseni imenichosha.

Rejista huorodhesha huduma zilizopo, yaani programu ambazo mifumo mingine huziita ili kupata taarifa au kufanyiwa kazi. Haiamui nani mwenye huduma, nani ana ruhusa ya kubadili mkataba wake (makubaliano ya umbo la taarifa inazopokea na kutoa), wala toleo la zamani litazimwa lini. Chukua huduma ya taarifa za wateja. Timu inayoimiliki inagundua kuwa mteja anaweza kuwa na namba mbili, basi inageuza uga (sehemu ya kuwekea taarifa) wa "simu" kutoka maandishi kuwa orodha. Majaribio yao yote yanapita. Usiku mfumo wa ankara, uliozoea maandishi, unakwama, na kulipokucha timu mbili zinatupiana lawama huku rejista ikionyesha kijani kitupu.

Kilichokosekana ni kanuni. Badiliko linalovunja mkataba hutoka kama toleo jipya, na la zamani hubaki hewani hadi tarehe iliyotangazwa. RFC 8594, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2019, umeeleza hata namna ya huduma kutaja tarehe hiyo ndani ya majibu yake ya HTTP (utaratibu wa mawasiliano wa wavuti), kwa kichwa cha jibu kiitwacho Sunset. Ni bure kabisa. Nami husisitiza kila huduma iandikiwe jina la mtu. Idara haipokei simu saa nane usiku. Anayedhani rejista inajitosheleza akumbuke UDDI, mfumo wa kuorodhesha huduma za wavuti: IBM, Microsoft na SAP walikuwa na rejista ya wazi kwa dunia nzima, wakaizima mwaka 2006.

"Usimamizi ni kamati ya kupitisha kila kitu." Kamati ya mara moja kwa mwezi huzaa huduma za uchochoroni. Mkataba ukaguliwe na mashine kila msimbo mpya wa programu unapoingia. Watu wabaki na maamuzi yanayogusa timu zaidi ya moja.

"Tumehamia maikrosevisi, hayo ni ya kizamani." Maikrosevisi ni kuugawa mfumo katika huduma nyingi ndogo. Huduma zimeongezeka, kwa hiyo mikataba ya kuvunjwa nayo imeongezeka.

"Huduma nzuri ni ile inayotumiwa na kila idara." Si lazima. Huduma iliyorundikiwa mahitaji ya idara zote hukwama kila mmoja akitaka badiliko lake. Bora mbili ndogo, hata zikifanana kidogo.