Spika na Rais wa Seneti katika majimbo ya Marekani: jinsi ya kusoma orodha yao

Kwetu neno Spika lina sura moja: mtu wa kiti cha juu, anayempa mbunge ruhusa ya kusema na kumwamuru akae akivuka mipaka. Katiba ya Kenya imekaza zaidi. Ibara ya 106 inataka Spika atoke kwa watu wenye sifa za ubunge lakini ambao si wabunge. Ukifungua orodha ya waliowahi kuongoza bunge la California au Texas ukiwa na sura hiyo kichwani, utaisoma vibaya kuanzia mstari wa kwanza.

Tuanze na neno jimbo, maana Mtanzania akilisikia hufikiria eneo la mbunge mmoja. Hapa ni mshirika wa muungano mwenye katiba yake, gavana wake na bunge lake. Majimbo ni 50, na 49 yana mabaraza mawili. Nebraska pekee imebaki na moja, tangu 1937. Kwa hiyo karibu kila jimbo lina viti viwili vya kuongoza vikao: Spika kwenye baraza la chini, na Rais wa Seneti kwenye la juu.

Spika ndiye mkongwe. Cheo kilitoka Uingereza, ambako Spika alikuwa mdomo wa wabunge mbele ya mfalme, na kikatua Jamestown, Virginia, mwaka 1619. Wawakilishi wa kwanza walipokutana huko kiti kilikaliwa na John Pory, ambaye pia alikuwa katibu wa koloni. Kofia mbili kwenye kichwa kimoja lilikuwa jambo la kawaida, hadi lilipoleta balaa. John Robinson alikuwa Spika wa Virginia kuanzia 1738 na wakati huohuo mtunza hazina. Noti zilizochapwa kugharimia vita zilitakiwa zikirudi kama kodi zichomwe moto. Robinson hakuzichoma, alizikopesha marafiki zake wenye mashamba makubwa waliolemewa na madeni. Alipofariki mwaka 1766 hesabu zilionyesha pengo la takriban pauni 100,000. Ndipo vyeo vikatenganishwa: Peyton Randolph akawa Spika, hazina ikaenda kwa Robert Carter Nicholas. Kwa hiyo ukikuta Spika wa enzi ya ukoloni, angalia kwanza alishika nini kingine. Mara nyingi nguvu yake ilikuwa huko.

Siku hizi nguvu ya Spika wa jimbo iko kwenye kamati. Ni kiongozi wa chama chenye wabunge wengi, na wala hafichi. California, kwa mfano, ndiye anayeteua wenyeviti wa karibu kamati zote za baraza la chini lenye wabunge 80. Mswada ukipelekwa kwenye kamati ambayo mwenyekiti wake hautaki, utalala humo hadi msimu uishe, bila mtu kupiga kura ya kuukataa. Na kazi ya kushika nyundo, ile tunayodhani ndiyo uspika wenyewe? Siku nyingi humwachia msaidizi, yeye Spika akashughulika na mambo yake ofisini.

Kwenye Seneti ndiko wageni wengi hupotea. Katika majimbo mengi Rais wa Seneti ni naibu wa gavana, aliyechaguliwa na wananchi wa jimbo zima na wala si seneta. Kwa naibu gavana wa California cheo hicho ni jina tu: hupiga kura pale tu kura zinapolingana. Mwenye Seneti ni yule anayeitwa rais pro tempore, Kilatini cha "kwa muda", ambaye maseneta 40 humchagua kati yao na ambaye huongoza kamati ya kanuni, inayogawa kamati nyingine zote. Huyo "wa muda" ndiye wa kudumu; jina limebaki tu.

Ukivuka hadi Texas mambo yanageuka. Naibu gavana wa huko huteua kamati na wenyeviti wake, ndiyo maana wengi humhesabu kuwa na nguvu zaidi ya gavana. Ila mamlaka hayo hayakutoka kwenye katiba. Yako kwenye kanuni ambazo maseneta 31 huzipitisha wenyewe mwanzoni mwa kila bunge, kwa hiyo wakiamua wanaweza kumnyang'anya kwa kura ya siku moja. Tennessee imekuja na njia yake: maseneta huchagua Spika wao, naye ndiye hubeba cheo cha naibu gavana.

Uchaguzi wa Spika wenyewe ni rahisi kuueleza. Siku ya kwanza hakuna Spika, kwa hiyo huko California katibu wa baraza ndiye hufungua kikao. Wabunge huapishwa, majina hupendekezwa, kisha kila mbunge huitwa na kutaja anayemtaka kwa sauti. Kawaida mambo yamekwisha siku nyingi nyuma kwenye kikao cha ndani cha chama, na kura ya hadhara ni sherehe tu.

Isipokuwa chama kikigawanyika. Mwaka 1980 Wademokrat wa California waligombana wenyewe kwa wenyewe, mwenzao Willie Brown akapita katikati na kuwa Spika kwa kura 28 za Warepublican na 23 za chama chake. Miaka 14 baadaye hesabu ilimrudia. Uchaguzi wa Novemba 1994 uliwapa Warepublican viti 41 kati ya 80, na kila mtu akajua Brown amekwisha. Tarehe 5 Desemba katibu akaanza kuita majina. Paul Horcher, Republican, alipofikiwa akamtaja Brown, na akatangaza kuwa amekihama chama. Kura zikawa 40 kwa 40, na baraza likabaki bila Spika. Mrepublican mwingine, Richard Mountjoy, alikuwa ameshinda pia kiti cha Seneti. Januari 1995 upande wa Brown ukamtoa kwa hoja kwamba hawezi kukaa pawili. Zikabaki kura 40 kwa 39, na Brown akarudi kitini. Horcher naye wapiga kura wake walimwondoa mwaka huohuo.

Juni Brown aliachia kiti, lakini si kwa adui zake. Wademokrat walimpigia kura Doris Allen, Mrepublican, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika huko, kinyume na matakwa ya chama chake mwenyewe. Alijiuzulu Septemba, akafuata Brian Setencich kwa mtindo uleule, na Januari 1996 Curt Pringle ndiye akawa Spika wa kwanza waliyemtaka Warepublican wengi. Kwenye orodha utaona majina manne yamebanana ndani ya miezi michache, na ukisoma herufi ya chama pekee (R kwa Republican, D kwa Demokrat) utadhani Warepublican walitawala baraza tangu Juni.

Baada ya hapo tarehe zinakuwa fupifupi kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1990 wananchi wa California walipitisha ukomo wa kukaa bungeni: miaka 6 baraza la chini, 8 Seneti. Muhula wa baraza la chini ni miaka miwili; mtu alihitaji mihula miwili kujifunza kazi, akishika uspika muda umeisha. Kati ya Desemba 1996 na Machi 2016 walipita maspika 8. Mwaka 2012 sheria ikabadilishwa kuwa miaka 12 kwa jumla, katika baraza lolote. Anthony Rendon, aliyeingia na kundi la kwanza chini ya sheria hiyo, alikaa kitini kuanzia 2016 hadi 2023, muda mrefu kuliko Spika yeyote wa California tangu Brown.