Fyuzi ya amplifaya, au ya waya?

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifungulia buti ya gari lake anionyeshe kazi aliyoifanya mwenyewe. Kwa macho ilipendeza: sabufa mbili, amplifaya imekazwa kwenye ubao, waya mwekundu mnene umelazwa chini ya zulia bila kujikunja. Na hapo hapo, sentimita kumi kutoka kwenye amplifaya, kishikio cha fyuzi chenye mfuniko wa kuonyesha ndani.

"Nimeiweka karibu nayo, mzee, ili iilinde vizuri."

Si wa kwanza kusema hivyo, na ndiyo maana naandika. Nimesikia "fyuzi ya kulinda amplifaya", "fyuzi ya kulinda redio", mpaka na "ongeza fyuzi upate besi zaidi". Hilo la mwisho nitalirudia.

Fyuzi ni kipande cha chuma kilichowekwa njiani mwa umeme ili kiyeyuke mkondo ukizidi kiasi kilichoandikwa juu yake. Basi. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Fyuzi ni pabovu palipochaguliwa makusudi, ili kamba isikatikie pengine.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwenye Kilatini, *fundere*, kumimina au kuyeyusha. Ni ukoo mmoja na maneno yao ya kuyeyusha madini na kuyaunganisha. Ila Kiingereza kina neno jingine la sauti ile ile, lile la utambi wa baruti, na hilo asili yake ni *fusus*, kijiti cha kusokotea nyuzi. Maneno mawili, mababu wawili, tahajia moja. Nadhani ule wa baruti ndio unaowafanya watu waseme fyuzi "imelipuka", kana kwamba kazi yake ni kupasuka. (Na sisi masikio yetu husikia "uzi" ndani yake, na ukitazama fyuzi ya kioo kweli unaona uzi. Ni bahati ya sauti tu.) Haijalipuka. Imeyeyuka, ikakatika. Mafundi wanaosema "fyuzi imekata" wako karibu na ukweli kuliko wote.

Sasa, imeyeyuka kwa ajili ya nani? Turudi kwenye lile gari. Betri iko mbele, amplifaya iko nyuma, na kati yao kuna kama mita tano za waya. Waya huo unapita kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, unapita pembeni ya reli za viti, unapita chini ya kizingiti cha mlango ambako watu hukanyaga kila siku. Bodi nzima ya gari ni upande hasi wa betri. Ganda la waya likisuguliwa hadi shaba iguse bodi, hiyo ni shoti, na betri ya kawaida ya volti 12 inaweza kumimina mamia ya ampea hapo hapo. Mkondo huo unatoka kwenye betri, unafika pale penye mchubuko, unarudi kwa njia ya bodi. Haufiki kwenye buti. Ile fyuzi nzuri yenye mfuniko haijui kama kuna lolote. Waya unakuwa mwekundu kama koili ya jiko, zulia linashika moto, na ukija kukagua majivu utaikuta fyuzi nzima.

Kwa hiyo fyuzi hukaa upande wa betri, ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye nguzo chanya, zikihesabiwa kwa kufuata waya na si kwa kukata hewani. Kila sentimita kabla ya fyuzi haina mlinzi. Kipande hicho kiwe kifupi na kifungwe kisichezecheze. Na pale kwenye tundu la ukuta weka raba. Raba hiyo ni ya bei rahisi kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi nzima, na ndiyo wengi huiruka.

Ukishakubali kwamba fyuzi ni ya waya, swali la ukubwa linajijibu lenyewe: namba ya fyuzi hufuata unene wa waya, si wati zilizochapwa kwenye boksi la amplifaya. Waya wa shaba wa geji 8, kama milimita mraba 8, ampea 50 unazibeba. Geji 4, kama milimita mraba 21, ampea 100. (Ndiyo, namba ya geji ikishuka waya unanenepa.) Lakini waya ukiwa ni alumini iliyopakwa shaba juu, namba hizo si zake, kwa sababu alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, shusha fyuzi au nenepesha waya. Ukitaka kujua utahitaji nini, piga hesabu ya amplifaya kwanza: wati 500 za kweli, amplifaya inayotumia vizuri asilimia 80 ya umeme inaopewa, ni wati 625 kutoka kwenye betri. Gawanya kwa volti 13.8 za gari lililowashwa, unapata kama ampea 45. Chagua waya unaobeba hizo na kubakiza nafasi, kisha uupe fyuzi yake.

Sasa ile ya "ongeza fyuzi upate besi". Fyuzi ni mlango, si pampu. Amplifaya huvuta inachohitaji. Kuweka ya 100 mahali pa ya 50 hakuongezi hata wati moja, kunaondoa tu mlinzi. Na fyuzi inayokata kila mara imekuambia kitu.

Kuna anayesema, haya, lakini amplifaya nayo inalindwa kidogo. Kidogo sana. Fyuzi ya kawaida ya vibao viwili, ile ya ampea 20 yenye rangi ya njano, ukipitisha ampea 22 inatakiwa ihimili saa 100 bila kukata. Ukipitisha 27, inaruhusiwa kungoja hata dakika 10. Transista ndani ya amplifaya hufa kabla hujapepesa jicho. Zile fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya nazo hazikuwekwa kuiokoa isife; ziko pale ili ikifa isiwake.

Ukigawa waya mnene kuwa nyembamba mbili, kila mwembamba upewe fyuzi yake pale unapoanzia. Ukiongeza betri ya pili nyuma, waya unaoziunganisha uwe na fyuzi ncha zote mbili, maana umeme unaweza kuja kutoka kokote. Waya wa ethi, ule unaofunga amplifaya kwenye bodi ya gari, usiupe fyuzi: ukikatika, mkondo utatafuta njia ya kurudi kupitia nyaya nyembamba za sauti, na hapo redio ndiyo itakayolipa. Pale unapoufunga, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza boliti, mambo yamekwisha.

Yule kijana tulihamisha kishikio chake mbele, kikakaa kando ya betri, kama shibiri mbili kutoka kwenye nguzo. Alipomaliza kukaza akafuta mikono, akasema, "Haya mzee, fyuzi ya amplifaya iko tayari."

Ya waya wa amplifaya, nikamwambia. Akacheka, lakini alilirudia.